Walianza kwa Kalamu

Wasomaji wetu wengi, na hasa vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya Vita Kuu ya Pili, huuliza swali moja kila habari za Manazi zinapotajwa. Yawezekanaje taifa lenye vyuo vikuu, lenye mafundi hodari, lenye makanisa yaliyojaa kila Jumapili, kuwaua watu milioni 6, wanaume na wanawake, watoto na vikongwe, ambao hawakuwa na kosa ila kuzaliwa Mayahudi? Wengine huuliza kwa mshangao. Wengine huuliza kwa namna ya mtu asiyetaka kusadiki, na kwa hao hatuna maneno mengi: hati zipo, za Wajerumani wenyewe, zenye mihuri na sahihi zao, na makaburi yapo. Lakini wale wanaoshangaa wana haki ya kujibiwa, na jibu lenyewe si fupi, kwa sababu jambo hili halikutendeka kwa siku moja, wala halikuanza kwa gesi au kwa bunduki. Lilianza kwa kalamu, kwa karatasi na kwa muhuri wa mpira, katika maofisi ambamo makarani walikunywa kahawa yao saa nne na kurudi nyumbani jioni.

Kwanza tuwatazame watu wenyewe. Mwaka 1933 Mayahudi wa Ujerumani walikuwa wapata 500,000, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 65. Yaani hawakufika hata mtu mmoja katika kila mia. Walisema Kijerumani, walisoma shule za Kijerumani, walikuwa madaktari, wachuuzi, washonaji, walimu na vibarua. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Mayahudi wapatao 100,000 walivaa sare ya Kaizari, na 12,000 kati yao wakafa vitani kwa ajili ya nchi hiyo hiyo iliyokuja kuwakana. Mtu aliyeambiwa kwamba kundi dogo namna hii ndilo lililoshika Ujerumani kooni angepaswa kucheka. Hawakucheka.

Hawakucheka kwa sababu masikio yao yalikuwa yamezoea. Sisi tuliofundishwa kusoma katika shule za misheni tuliwajua Mayahudi kwanza kwa majina ya Ibrahimu na Musa na Daudi, lakini pia tuliwasikia wakitajwa kila Ijumaa Kuu kwa sauti nyingine. Twasema hili bila furaha: chuki hiyo ilikaa ndani ya makanisa ya Ulaya karne nyingi kabla ya Hitler kuzaliwa. Martin Luther mwenyewe aliandika kitabu mwaka 1543 akitaka masinagogi yao yachomwe. Kanisa Katoliki lilingoja mpaka mwaka 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kutangaza kwamba Mayahudi wote hawawezi kubebeshwa lawama ya kifo cha Kristo. Hata hivyo, chuki ile ya zamani ilikuwa na mlango wa kutokea: Myahudi akibatizwa, alihesabiwa Mkristo. Manazi waliuziba mlango huo. Wao walisema Uyahudi umo katika damu, na damu haibatizwi.

Elimu hii ya damu haikuzuka hewani. Sisi wa Afrika tuna sababu ya kuijua. Mwaka 1904 Jenerali von Trotha alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero katika nchi inayoitwa leo Namibia. Mwaka 1905 hadi 1907, katika kuizima Maji Maji hapa kwetu, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1908 mtaalamu mmoja, Eugen Fischer, alikwenda Rehoboth, kusini mwa Windhoek, kuwapima vichwa na nywele watoto waliozaliwa na Waafrika na Wazungu, akaandika kitabu kueleza hasara ya kuchanganya damu. Mtu huyo huyo mwaka 1927 akafanywa mkuu wa chuo cha utafiti cha Berlin kilichokuja kuwatumikia Manazi. Hatusemi kwamba njia ya Auschwitz ilipita Songea; mambo ya historia hayaendi kama reli. Lakini kalamu iliyopima damu ya Mwafrika haikuhitaji kunolewa upya ili ipime damu ya Myahudi.

Chama cha Hitler kilijiita Chama cha Wafanyakazi. Jina lake kamili lilikuwa Chama cha Kitaifa na Kisoshalisti cha Wafanyakazi wa Kijerumani, na tunawaomba ndugu zetu wafanyakazi walitazame jina hilo vizuri. Katika uchaguzi wa Mei 1928 kilipata kura 2.6 tu katika kila mia. Kisha ulikuja msukosuko wa uchumi, viwanda vikafungwa, na kufikia mwaka 1932 watu zaidi ya milioni 6 walikuwa hawana kazi. Mwenye njaa alitafutiwa mtu wa kumlaumu. Julai 1932 chama hicho kilipata kura 37.3 katika kila mia, wingi kuliko chama kingine chochote, ingawa si nusu. Na Novemba zikapungua hata 33.1. Basi si kweli kwamba Wajerumani walio wengi walimpigia kura Hitler katika uchaguzi huru. Aliingizwa kwa mlango wa uani. Wakubwa waliomzunguka Rais Hindenburg, wenye mashamba na vyeo, walidhani watamtumia mtu huyu kuwanyamazisha wasoshalisti na wakomunisti, kisha wamweke kando. Tarehe 30 Januari 1933 akafanywa Chansela.

Mambo yakaenda mbio. Mwezi Februari Bunge liliteketea kwa moto, na haki za raia zikasimamishwa. Tarehe 22 Machi kambi ya Dachau ilifunguliwa karibu na Munich, na waliofungwa humo kwanza walikuwa wakomunisti, wasoshalisti na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Kesho yake Bunge likampa Hitler ruhusa ya kutunga sheria peke yake. Wajumbe wa kikomunisti walikuwa wamekwisha zuiwa au kufungwa. Chama cha Kisosho-Demokrasia peke yake kilikataa, kura 94. Vyama vingine vyote vikasema ndiyo.

Kisha ikaja Mei Mosi. Kwa mara ya kwanza serikali iliifanya siku hiyo kuwa sikukuu ya taifa yenye mshahara, jambo ambalo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimelidai kwa miaka na mikaka. Bendera zilipepea, ngoma zikapigwa, na katika uwanja wa Tempelhof mjini Berlin umati usiohesabika ukamsikiliza Hitler akiusifu mkono wa mfanyakazi. Tarehe 2 Mei, asubuhi, askari wa chama walivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi nchini kote, wakachukua fedha, wakakamata viongozi. Tangu siku hiyo Ujerumani haikuwa tena na chama huru cha wafanyakazi mpaka vita vilipokwisha. Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu moja: waliokuwa na nguvu ya kuwatetea Mayahudi kwa mgomo ndio waliovunjwa kwanza, nao walivunjwa siku moja baada ya kusifiwa.

Kwa Mayahudi, mambo yalikuwa yamekwisha anza. Tarehe 1 Aprili 1933 askari wa chama walisimama milangoni mwa maduka yao kuwakataza wanunuzi kuingia. Zoezi hilo lilidumu siku moja, na wapo Wajerumani waliopita katikati ya askari wakaingia kununua. Lililokuwa na madhara zaidi ni jambo la kimya. Tarehe 7 Aprili ikatoka sheria ya utumishi wa serikali, iliyowaondoa kazini watu wasio wa mbari iliyoitwa ya Kiarya. Jina la sheria lilikuwa la kupendeza: ati ni ya kuurudishia utumishi heshima yake. Kila karani, kila mwalimu, kila hakimu akapewa karatasi ya kujaza: bibi zako na babu zako walikuwa nani? Na uthibitisho ulipatikana wapi? Katika madaftari ya ubatizo. Maelfu ya wachungaji na mapadri wa Ujerumani waliketi mezani, wakafunua vitabu vya parokia, wakanakili majina na tarehe, wakapiga muhuri. Hawakumpiga mtu kofi. Walinakili tu.

Sisi wenye kazi ya magazeti hatuwezi kupita hapa upesi, maana kalamu zetu nazo zimo katika hesabu hii. Tarehe 4 Oktoba 1933 ilitungwa sheria ya wahariri: asiye Mwarya, au aliyeoa asiye Mwarya, haruhusiwi kuhariri gazeti. Nafasi zikabaki wazi, na wakapatikana wa kuzijaza. Tangu mwaka 1923, mjini Nuremberg, lilikuwako gazeti lililoitwa Der Stürmer, la Julius Streicher, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila juma lilichapa picha za kuchora za Mayahudi wenye pua kama makucha, na hadithi za binti waliotongozwa na za watoto waliochinjwa damu yao inywewe. Lilibandikwa katika visanduku vya kioo vituoni mwa mabasi, njia panda na milangoni mwa viwanda, ili asiye na senti naye asome bure. Wajerumani wenye elimu walilidharau, wakasema ni gazeti la wahuni. Walilidharau kwa miaka 22, nalo likaendelea kusomwa. Baada ya vita, mahakama ya kimataifa ya Nuremberg ilimhukumu Streicher kwa jinai dhidi ya ubinadamu, naye akanyongwa tarehe 16 Oktoba 1946. Hakushtakiwa kwa kuua mtu kwa mkono wake. Alishtakiwa kwa yale aliyoyaandika na kuyasema.

Uanachama ulikuwa na faida yake. Januari 1933 chama cha Nazi kilikuwa na wanachama wapatao 850,000. Kabla ya miezi minne kwisha walikuwa wamepita milioni 2, hata chama chenyewe kikafunga milango kwa muda, kwa kuwashuku hao waliokuja na upepo. Daktari Myahudi alipofukuzwa hospitalini, palikuwa na daktari mwingine aliyepanda cheo. Duka lilipouzwa kwa bei ya kutupa, palikuwa na mnunuzi. Chuki peke yake haitoshi kueleza mambo haya. Tamaa nayo ilikuwamo, na tamaa haihitaji kupiga kelele.

Tarehe 15 Septemba 1935 zilitangazwa Sheria za Nuremberg. Ya kwanza iliwavua Mayahudi uraia, wakabaki kuwa watu wa kutawaliwa tu. Ya pili iliharimisha ndoa na mapenzi kati ya Myahudi na Mjerumani. Miezi miwili baadaye ikatoka kanuni ya kueleza Myahudi ni nani: mwenye bibi na babu watatu au wanne wa dini ya Kiyahudi. Basi wale waliosema damu ndiyo hukumu hawakuweza kuionyesha damu hiyo kwa kipimo chochote. Walirudi kuuliza bibi alisali wapi. Hilo halikuwazuia.

Kanuni hizo ziliwafikia na watu weusi waliokuwa Ujerumani, na mmoja wao alikuwa mtoto wa Dar es Salaam. Bayume Mohamed Husen alizaliwa mjini humo mwaka 1904, mwana wa askari wa Kijerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa jeshini angali mtoto katika vita vya 1914. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa marehemu baba yake, akaambiwa amechelewa. Akabaki huko, akawa mtumishi wa hoteli, akawafundisha Wajerumani Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, akaigiza katika sinema zilizousifu ukoloni, pamoja na ile ya Carl Peters ya mwaka 1941. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na mwanamke Mjerumani, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen bila kuhukumiwa na mahakama yoyote, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 kijiwe cha shaba chenye jina lake kilizikwa katika njia ya miguu mbele ya nyumba aliyokaa Berlin. Tumemtaja si kwa kuyalinganisha mateso, maana Waafrika wa Ujerumani hawakukusanywa wote wauawe kama Mayahudi. Tumemtaja kwa sababu aliufundisha ulimi wetu katika mji ule, na haifai asahauliwe na wenye ulimi.

Mpaka mwaka 1938 nia ya Manazi ilikuwa kuwafukuza Mayahudi, na kuwanyang'anya mali kabla ya kutoka. Lakini anayefukuzwa lazima apate pa kwenda. Mwezi Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, mahali pa hoteli nzuri kando ya ziwa, kulizungumza jambo hilo. Kila mjumbe alisimama, akasikitika, akaeleza kwa nini nchi yake haina nafasi. Mjumbe wa Australia alisema nchi yao haina tatizo la mbari wala haitaki kuliingiza. Yamkini aliwasahau wenyeji wa nchi ile. Jamhuri ya Dominika peke yake ndiyo iliyojitolea kupokea watu wengi, na mwishoni waliofika huko walikuwa mamia tu. Hata Kenya ya Waingereza ilipokea mia kadhaa, ingawa mwaka 1903 Waingereza hao hao walikuwa wamewaahidi viongozi wa Kiyahudi ardhi ya Uasin Gishu, ardhi ambayo haikuwa yao kuigawa. Berlin ilisoma habari za Evian ikaelewa. Mwezi Mei mwaka uliofuata meli iitwayo St. Louis ilivuka bahari na abiria 937, karibu wote Mayahudi. Cuba ikawakataa isipokuwa wachache, Marekani ikawakataa, na meli ikarudi Ulaya. Abiria 254 kati yao waliuawa katika miaka iliyofuata.

Katikati ya mambo hayo mawili ulipita usiku wa tarehe 9 Novemba 1938. Siku mbili kabla, kijana wa miaka 17, Herschel Grynszpan, ambaye wazazi wake walikuwa wametupwa mpakani mwa Poland pamoja na Mayahudi wengine wapatao 17,000, alimpiga risasi ofisa wa ubalozi wa Ujerumani mjini Paris. Manazi walipata kisingizio walichokitaka. Usiku mmoja masinagogi zaidi ya 1,000 yalichomwa, zimamoto wakisimama kando kulinda nyumba za majirani tu. Maduka yapatayo 7,500 yakavunjwa. Wanaume wapata 30,000 wakapelekwa Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Kisha serikali ikawatoza Mayahudi faini ya mark 1,000,000,000 kwa uharibifu waliotendewa, na fedha za bima ikazichukua yenyewe. Kuanzia Januari 1939 kila mwanamume Myahudi ambaye jina lake halikuwamo katika orodha ya majina ya Kiyahudi alilazimishwa kuongeza jina la Israel, na kila mwanamke jina la Sara. Pasipoti zao zilikuwa zimekwisha pigwa herufi J. Sisi ambao babu zetu walitembea na kipande cha mkoloni mfukoni hatuhitaji kuelezwa kazi ya alama kama hiyo.

Takriban nusu ya Mayahudi wa Ujerumani walikuwa wamefaulu kuondoka vita vilipoanza tarehe 1 Septemba 1939. Lakini katika Poland, nchi iliyovamiwa siku hiyo, Mayahudi walikuwa zaidi ya milioni 3. Sasa hapakuwa tena na hesabu ya kuwafukuza. Mwaka 1940 maofisa wa Berlin walikaa wakatunga mpango wa kuwapakia wote melini na kuwatupa Madagaska, kisiwa kilichokuwa cha Wafaransa, bila kuwauliza Wamalagasi wala mtu mwingine. Manowari za Waingereza baharini ziliuvunja mpango huo. Wakati huo huo Mayahudi wa Poland walisongwa katika mitaa iliyozungushwa kuta. Mtaa wa Warsaw ulifungwa Novemba 1940, watu zaidi ya 400,000 katika nafasi ya kilometa za mraba zisizozidi 4. Makumi ya maelfu walikufa humo kwa njaa na homa ya chawa kabla gari la moshi la kwanza halijafika.

Gesi ilijaribiwa kwanza kwa Wajerumani wenyewe. Kuanzia mwaka 1939 madaktari walipewa ruhusa ya kuwaua wagonjwa wa akili na vilema, na hadi Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa katika vyumba vilivyofanana na bafu. Mwezi huo Askofu von Galen wa Münster alisimama mimbarini akalilaani jambo hilo wazi wazi. Hitler akaamuru mpango usimamishwe, ingawa mauaji yaliendelea kwa siri. Na askofu hakuguswa. Basi sauti iliweza kusikika. Swali linalobaki, na ambalo makanisa ya Ujerumani yenyewe yamejiuliza tangu vita vilipokwisha, ni kwa nini haikupazwa hivyo kwa ajili ya Mayahudi. Mafundi wa vyumba vile hawakukaa bila kazi. Wengi wao walihamishiwa Poland.

Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani iliivamia Urusi ya Kisovieti. Nyuma ya majeshi vilikwenda vikosi maalumu vya watu wapatao 3,000 tu, vikisaidiwa na polisi, na jeshi, na wenyeji waliokubali. Kwanza waliwapiga risasi wanaume, na kabla ya mwezi Agosti kwisha wakawapiga wanawake na watoto. Katika bonde la Babi Yar, nje ya Kiev, siku mbili za tarehe 29 na 30 Septemba 1941, waliuawa Mayahudi 33,771. Hesabu hiyo si yetu. Waliiandika wauaji katika taarifa yao, mpaka mtu wa mwisho.

Wapo wanaosema askari wale hawakuwa na hiari, kwamba aliyekataa aliuawa. Tuwaeleze habari ya batalioni 101 ya polisi wa akiba kutoka Hamburg, watu wapatao 500. Hawa hawakuwa vijana waliolelewa na chama. Walikuwa watu wazima, wengi wao wafanyakazi kama sisi: wapakia shehena wa bandarini, madereva wa malori, watunza maghala, mabaharia. Alfajiri ya tarehe 13 Julai 1942, nje ya kijiji cha Józefów katika Poland, mkuu wao aliwaambia kazi ya siku hiyo, sauti ikimtetemeka. Akaongeza kwamba mtu mzima asiyejiona kuiweza ajitokeze mbele, hatalazimishwa. Walijitokeza kumi na wachache. Hawakupigwa wala kufungwa. Walipewa kazi nyingine. Wengine waliingia msituni na bunduki zao, na kufika usiku Mayahudi wapatao 1,500 walikuwa wamekufa. Wapo walioacha katikati ya kazi kwa kutapika. Lakini walio wengi waliendelea mpaka mwisho, na walipoulizwa baada ya miaka 20, wengi walijibu kwamba hawakutaka kuonekana waoga mbele ya wenzao.

Tarehe 20 Januari 1942 wakubwa 15 walikutana katika nyumba nzuri ya Wannsee, kando ya ziwa, pembezoni mwa Berlin. Wanane kati yao walikuwa na shahada ya udaktari. Mauaji yalikuwa yamekwisha anza; tangu Desemba watu walikuwa wakiuawa kwa moshi wa magari huko Chelmno. Heydrich aliwaita ili kila wizara ijue kazi yake. Adolf Eichmann aliandaa orodha ya Mayahudi wa Ulaya, nchi baada ya nchi, milioni 11, hata Uingereza na Uswisi ambazo hazijatekwa, hata Albania na watu wake 200. Mkutano ulichukua kama saa moja na nusu, wakaletewa kinywaji. Nakala moja tu ya kumbukumbu zake ilipatikana baada ya vita.

Yaliyofuata yalihitaji reli. Belzec, Sobibor na Treblinka zilianza kazi mwaka ule wa 1942, kila moja kando ya njia ya gari la moshi. Shirika la reli la Ujerumani lilitoza nauli ya daraja la tatu kwa kilometa, kwenda tu. Watoto chini ya miaka 10 nusu nauli, chini ya miaka 4 bure. Na kundi likizidi watu 400 lilipunguziwa. Walinzi walikatiwa tikiti za kwenda na kurudi. Aghalabu nauli ililipwa kwa mali ya abiria wenyewe. Makarani walipanga saa za magari hayo pamoja na magari ya majeshi na ya watu wa mapumziko, na watu waliokuwa ndani ya mabehewa ya ng'ombe, bila maji, walifika Treblinka wakauawa kabla ya saa nyingi kupita. Kuanzia tarehe 22 Julai mpaka 21 Septemba 1942 watu wapatao 265,000 walitolewa Warsaw kupelekwa huko. Mkuu wa baraza la Mayahudi wa mtaa ule, Adam Czerniaków, alitakiwa kutia sahihi. Alijiua siku ya pili. Auschwitz iliua watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni moja wakiwa Mayahudi. Na katika majira ya joto ya 1944, Ujerumani ikiwa imekwisha shindwa vita, watu zaidi ya 400,000 walisafirishwa kutoka Hungary kwa majuma manane. Waroma nao waliuawa kwa maelfu mengi, kwa fikira ile ile ya damu.

Asije mtu akasema walikwenda kama kondoo. Warsaw ilishika silaha tarehe 19 Aprili 1943, bastola na chupa za petroli mbele ya mizinga, ikapigana kwa karibu mwezi mzima. Wafungwa wa Treblinka waliasi Agosti mwaka huo, wa Sobibor Oktoba. Na asije mtu akasema haikuwezekana kuwaokoa. Oktoba 1943 wavuvi na wananchi wa Denmark waliwavusha Mayahudi zaidi ya 7,000 kwa mashua mpaka Sweden, karibu wote waliokuwamo nchini.

Watu milioni 6, theluthi mbili ya Mayahudi wote wa Ulaya. Myahudi wa Poland aliyekimbilia Marekani, Raphael Lemkin, alilazimika mwaka 1944 kubuni neno jipya kwa jinai hii, ambalo sisi twaliita leo mauaji ya kimbari. Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa uliliingiza katika mkataba. Eichmann alikamatwa Argentina, akahukumiwa Jerusalem mwaka 1961. Alijitetea kwamba yeye alishughulika na usafiri tu.

Lakini hawakuwa wao peke yao walioandika. Katika mtaa wa Warsaw mwanahistoria Emanuel Ringelblum alikusanya kwa siri kundi la waandishi, walimu na vijana, wakaandika kila kitu: bei ya mkate, mashairi ya watoto, majina ya waliochukuliwa, tikiti za chakula, karatasi za matangazo zilizobanduliwa ukutani. Mwezi Agosti 1942, magari ya moshi yakiondoka kila siku, walitia karatasi hizo katika masanduku ya bati wakazifukia chini ya jengo la shule. Baadaye nyingine katika makopo makubwa ya maziwa. Ringelblum alikamatwa mafichoni Machi 1944, akauawa pamoja na mkewe na mwanawe. Wachache sana wa kundi lile waliona mwisho wa vita. Masanduku yalichimbuliwa katika kifusi Septemba 1946, maji yakiwa yameingia ndani; makopo yakapatikana Desemba 1950, karatasi zake zikisomeka. Inaaminiwa kwamba palikuwa na fungu la tatu. Limetafutwa, nalo mpaka leo halijaonekana.